Rangi ya Maneno ya Wifi

Mimi ni mtu wa wivu. Naanza na hilo mapema ili usije ukanihurumia mahali nisipostahili. Nikiwa mdogo nilimwonea wivu binti wa jirani kwa sababu alikuwa na mwanya mzuri wa meno, nikajaribu kujitengenezea wangu kwa msumari. Nikaambulia jino bovu. Sasa nina mume, nina watoto, nina kibanda cha fotokopi Tarime mjini karibu na stendi, na wivu umekua pamoja nami, tena umenenepa kuliko mimi.

Habari hii ni ya mchezo wa kwenye mtandao, lakini si ule wenye picha na bunduki. Huu ni wa maandishi matupu. Unafungua skrini nyeusi, inakuandikia kwamba uko kwenye njia ya mawe, kushoto kuna kisima, mbele kuna nyumba inayotoa moshi. Unaandika unachotaka kufanya, nao unakuandikia kilichotokea. Watu wengine wamo humohumo, wengi wao kutoka nchi nisizozijua, kila mmoja na jina la kubuni. Amri ni za Kiingereza cha kukariri, maneno kama ishirini hivi, ila ukitaka kuzungumza na mwenzako unazungumza kwa lugha yako.

Niliuokota mimi. Kompyuta ya kibandani ilikuwa kuukuu, ukiilazimisha kufungua picha inaganda kama ugali wa jana. Maandishi iliyaweza. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amemaliza chuo na hana kazi, anashinda kibandani kwangu akinihesabia karatasi zisizohitaji kuhesabiwa, nikamfundisha. Tukacheza miaka. Tulijenga nyumba yetu humo ndani, pembeni mwa msitu, yenye jiko na viti viwili. Nilikuwa na kitu duniani ambacho ni cha mimi na yeye tu.

Sasa, rangi. Mchezo huu ukianza, kila kitu ni cheupe. Mtu anauza viatu kwa herufi nyeupe, mbwa mwitu anakurukia kwa herufi nyeupe, na wewe unakufa huku bado unasoma habari za viatu. Kwa hiyo unajipangia. Unaandika amri, unachagua hatari iwe rangi hii, soko rangi ile, na hata mtu mmojammoja unaweza kumpa rangi yake, kila anachosema kikutokee hivyo. Rangi hizo unaziona wewe peke yako. Mwenzako anasoma maneno yaleyale kwa rangi alizojipangia yeye, na huwezi kujua amekupa ipi mpaka uione skrini yake.

Sisi kazi hiyo haikutushinda, maana tumelelewa kwenye zizi, kijijini Nyakunguru. Baba yetu hakuwahi kuhesabu ng'ombe. Jioni alisimama langoni akaziita rangi zao moja baada ya nyingine kwa Kikurya, na rangi ambayo haikupita ndiyo iliyopotea. Basi tukaifanya skrini kuwa zizi. Nyekundu tuliipa hatari, kwa heshima ya fahali mwekundu aliyewahi kumvunja jirani mbavu. Ya maziwa tukaipa mahali tulipo. Majivu niliichagua mimi, nikaipa maneno yasiyo na kazi: mvua imeanza kunyesha, mlango umefungwa, fulani ameingia, fulani ametoka. Nilimwambia mdogo wangu, "Hayo yaweke majivu, macho yako yayaruke." Akacheka, akayaweka.

Kisha akaoa.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Mimi nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu walikuja Nyakunguru. Namkumbuka hata aliyetangulia langoni, jike la kijivu, mpole, mwenye pembe zilizolegea. Mdogo wangu ndiye aliyewachunga, na ulipofika wakati wake, alioa kwa ng'ombe haohao. Kwetu hilo si siri wala si aibu. Dada na kaka wa namna hiyo wamefungwa kamba moja, na mke aliyeletwa kwa ng'ombe wa dada humheshimu dada huyo maisha yake yote. Wifi yangu, binti wa kijiji cha Kewanja, alinipa heshima hiyo bila kupunguza. Shikamoo yake ilikuwa ya kupiga goti. Maji ya kunawa, mimi kwanza. Sikuwa na neno naye kabisa, mpaka siku alipoingia kwenye mchezo.

Mdogo wangu alimleta kibandani, akamketisha kwenye kiti changu, akamwonyesha. Yale niliyojifunza kwa miezi, yeye aliyaweka kichwani kwa juma moja. Anaandika haraka, vidole vinakimbia kama kuku wanaotupiwa mtama. Kwenye ile nyumba yetu kikaongezwa kiti cha tatu. Baadaye nikaingia nikakuta viti viwili vimesogezwa jikoni na kimoja kimebaki dirishani. Hakuna aliyeniambia kimoja hicho ni cha nani. Niliketi dirishani, nikaandika kwamba naangalia msitu.

Iliniuma. Uniambie ni viti vya maandishi, nitakuambia iliniuma vilevile. Yeye alikuwa na mdogo wangu nyumbani, mezani, kitandani, na ng'ombe wangu ndio waliomfikisha huko. Hata humo ndani ya mchezo nako alitaka?

Mdogo wangu akapata kazi ya kutunza stoo kwenye kambi ya watalii, wilaya ya Serengeti, mbali na Mugumu. Mtandao huko ni wa kubahatisha. Kupiga simu lazima apande jiwe nyuma ya stoo, na simu yenyewe hukatika ukiwa bado kwenye salamu. Picha ndiyo kabisa, haipiti. Lakini maandishi ya mchezo yalipita, kwa kuwa ni mepesi. Hivyo ndivyo mke na mume walivyoongea: yeye kambini, mkewe Nyakunguru kwa mama yetu, wote wawili wakikutana kwenye nyumba niliyoijenga mimi.

Siku moja alikuwa anarudi kazini baada ya likizo, akapita Tarime kusubiri basi la Mugumu. Akaketi kwenye kompyuta yangu, akafungua mchezo kwa jina lake, akaingia kwenye ukurasa wa rangi, nadhani alitaka kurekebisha kitu. Kisha akakumbuka kwamba hana betri za tochi.

"Dada, niangalizie, naenda sokoni mara moja," akasema.

Nikamwangalizia. Kwenye ukurasa ule kulikuwa na orodha ya watu na rangi zao. Wifi: dhahabu. Mimi, mstari wa pili: majivu.

Niliusoma mstari huo mara nyingi kuliko ulivyostahili. Majivu! Rangi niliyomfundisha mwenyewe kwa ajili ya vitu vya kurukwa na macho. Nimewekwa pamoja na mvua na milango. Mkewe dhahabu, mimi kifusi. Nikakumbuka viti. Nikakumbuka ng'ombe.

Sikufikiri sana. Nikaifuta dhahabu ya wifi, nikaandika nyeusi. Skrini ni nyeusi, maneno meusi. Kila atakachosema kitakuwepo, lakini mumewe hatakiona. Ataona tu kwamba ameingia, ameketi, ametoka. Nilipobonyeza kuhifadhi nilihisi raha, raha ya kukuna upele. Mipangilio ile haikai kwenye kompyuta, inamfuata mtu hadi kwenye simu yake popote aendako. Nilijua. Sitajifanya kwamba sikujua.

Mdogo wangu akarudi na betri zake, akafunga ukurasa bila kuutazama, akanishukuru, akapanda basi.

Nilikusudia iwe siku moja, nicheke, kisha nimwambie. Kesho yake mchana nikaingia, nikakaa dirishani. Wao wawili jikoni.

Wifi akaandika, "Mama anakusalimu. Mahindi tumemaliza kuvuna."

Mdogo wangu akaandika, "Mbona leo kimya?"

Wifi akaandika, "Nimesema mahindi tumemaliza kuvuna."

Mdogo wangu akaandika, "Haya. Ukiwa tayari kuongea utaniambia."

Nilicheka peke yangu kibandani mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Ningeweza kumaliza kila kitu hapo kwa sentensi moja. Sikuiandika. Na siku zilivyopita, sentensi hiyo ikazidi kuwa nzito. Kuifuta ile rangi nilihitaji simu ya mdogo wangu, na kuipata simu yake nilihitaji kusema kwa nini. Nikaacha kuingia mchezoni. Nikajiambia watu wazima hawaharibikiwi kwa mchezo.

Yapata mwezi mmoja baadaye mama akanipigia.

"Wewe, mke wa ndugu yako amefunga nguo zake ameenda kwao Kewanja. Hajaniaga vizuri. Nimemuuliza, anasema tu, mama, mwanao hanitaki. Nyie watoto mmefanyiana nini huko?"

Nitasema ukweli wote maana nimeshaanza: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Kidogo, lakini kilikuwepo. Cha pili kikaja nyuma yake na fimbo. Mke akikaa kwao, wazee watakutana, na wakikutana watazungumza ng'ombe. Ng'ombe wangu watarudi zizini Nyakunguru, na mdogo wangu atabaki anachunga ng'ombe bila mke. Waliokuja kwa ajili yangu wakaenda kumwoza yeye, mimi ndiye nitakuwa nimewarudisha.

Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini. Alifika kibandani siku ya pili, saa nane mchana, na vumbi la safari kwenye nyusi. Hakula. Aliketi kwenye benchi la wateja na simu mkononi.

"Dada, sielewi," akasema. "Mwanamke anaingia, anakaa, hasemi neno. Namuuliza, hasemi. Natoka, kesho anakuja tena anakaa. Nimepanda jiwe, nimempigia, nikamwambia mbona hunisemeshi? Akasema, mimi ndiye sikusemeshi? Simu ikakatika. Nikipiga tena hapokei. Nimemkosea nini mimi?"

Akanipa simu nione mwenyewe. Mchezo ulikuwa umehifadhi mazungumzo yao ya nyuma. Maneno yake yeye, kisha pengo jeusi, maneno yake, kisha pengo. Mapengo yale nilikuwa nayafahamu vizuri.

Nilitaka kusema ni mtandao. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Badala yake nikaweka kidole kwenye kioo, nikakibonyeza mpaka simu ikauliza, nikachagua yote. Unapochagua maandishi, simu huyapaka mgongo wa bluu. Katikati ya bluu, maneno ya wifi yakatokea yote kwa pamoja, meusi, wazi kabisa. Tukasoma wote wawili, vichwa vimekaribiana kama zamani.

"Nina jambo. Mama bado hajui. Nina mimba."

Chini yake, maneno ya mdogo wangu: "Mbona kimya?"

"Nimesema nina mimba. Mwezi wa tatu sasa. Safari hii naona imeshika."

"Umenikasirikia?"

"Kama hufurahi niambie tu."

"Haya, mzigo umefika, naenda kuupokea."

Wifi yangu alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Kwetu jambo hilo halitangazwi kabla tumbo halijajitangaza lenyewe, na nyumbani kwa mama simu haina faragha, ukiongea sebuleni hata mbuzi wanakusikia. Ndiyo maana alichagua kumwambia humo. Alisubiri siku ambayo kiti cha dirishani hakina mtu. Ningekuwepo, mimi ningeona.

Mdogo wangu akaenda kwenye ukurasa wa rangi. Akaona. Akanitazama.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

Wakati huohuo akaingia mama mmoja anataka nakala za kitambulisho, mbele na nyuma. Nikasimama nikamtolea. Kitambulisho kikakaa upande, nikarudia. Mdogo wangu akangoja. Mteja alipotoka akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwa nini?"

"Yeye umempa dhahabu. Mimi umeniweka majivu. Pamoja na mvua na milango, mura, ndugu yangu. Mimi."

Akaiweka simu kwenye benchi. Nilitamani apige kelele, kelele ningezijibu.

"Dhahabu alijichagulia mwenyewe," akasema. "Siku ya kwanza, hapo ulipokaa. Nilimuuliza anataka rangi gani, akasema hiyo. Mimi sikumchagulia. Wewe ndiye nilikuchagulia."

"Majivu?"

"Wa kijivu. Aliyetangulia langoni walipokuja kwa ajili yako. Wewe ukaenda kwa mumeo, mimi nikabaki na wale ng'ombe. Baba alipoacha kuona vizuri nikawa nawaita mimi langoni. Nilimwita yeye kwanza kila siku, kabla ya wengine. Nikiona amepita, naona na wewe umefika salama huko ulikoolewa. Ujinga wa kitoto." Akafuta uso kwa kiganja. "Na hayo ya mvua na milango niliyahamisha zamani, yako bluu. Ungeshuka chini kidogo kwenye orodha ungeona. Majivu uko peke yako."

Sikuwa nimeshuka chini. Nilisoma mistari miwili tu nikatosheka.

Alitaka kwenda Kewanja saa hiyohiyo. Nikamwambia ng'ombe ni wangu, nitangulie mimi. Nilifunga kibanda, nikachukua bodaboda, na njia nzima nilikuwa napanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta wifi uani kwao anapepeta ulezi. Aliponiona akaweka ungo chini, na akapiga goti. Shikamoo. Hata siku hiyo. Goti lile lilinipiga kuliko kofi.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu kuketi kungekuwa kujikaribisha. Viti, orodha, nyeusi. Nikamwambia kwamba mumewe hajaona hata neno moja mpaka leo saa nane.

Alisikiliza huku akiokota vijiwe kwenye ulezi.

"Niliandika mara tatu, wifi," akasema mwishowe. "Ile ya kwanza nilikaa nusu saa sijaituma. Niliogopa nikiisema itaondoka kama zile zingine."

"Najua."

"Hujui." Akachukua ungo. "Kwa mume wangu nitarudi, yeye hana kosa. Wewe nitaendelea kukuheshimu, ndivyo ilivyo. Lakini lingine usiniombe leo."

Sikuomba. Mdogo wangu alifika jioni ileile, nami nikaondoka kabla hawajaanza kuongea.

Wifi alirudi Nyakunguru. Mchezoni pia alirudi. Mdogo wangu alimrudishia dhahabu yake na mimi akaniacha na majivu yangu, ambayo sasa siwezi kuyaona popote, maana kwenye skrini yangu naona rangi zangu tu. Wao jikoni, mimi dirishani. Wakiongea naongea. Mdogo wangu hunijibu. Wifi hakunijibu hata mara moja. Nilimuuliza amekula nini, kimya. Nikamtumia salamu, kimya. Anaingia, anakaa, anatoka. Nikaanza kuelewa nimewekwa wapi. Amri ya nyeusi ni fupi, na yeye ana vidole vyepesi. Mkuki kwa nguruwe, ndivyo wasemavyo.

Hata hivyo niliendelea kuandika. Nilianza kama adhabu, ikawa mazoea. Mchana wateja wakipungua naingia, nikimkuta peke yake namwandikia chochote: mashine imekwama, mwanangu kang'oka jino. Jumanne moja, mdogo wangu akiwa hana mtandao, tukawa wawili tu ndani ya nyumba ile, nikamwandikia kwamba nimeunguza maharage mpaka sufuria imetoboka na nimeitupa nyuma ya choo kabla mume wangu hajaiona. Kimya. Akatoka. Habari hiyo sikumwambia mtu mwingine yeyote, na kwa sababu nzuri.

Mtoto alizaliwa salama. Wa kike. Nilikwenda Nyakunguru na kanga na sabuni, nikiogopa kama mgeni. Wifi akanipa shikamoo ya goti, ingawa nilimzuia, akanipa mtoto nimshike. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Mama akatandika mkeka, wifi akaleta ugali na bakuli. Akaninawisha mimi kwanza, kama siku zote, akaweka bakuli mbele yangu bila kuniangalia usoni.

"Kula, wifi," akasema. "Haya hayajaungua. Na sufuria yangu ni nzima, haijatoboka."

Mama akauliza sufuria gani. Wifi akamkatia ugali. Nilitaka sana kumuuliza ananiona kwa rangi gani, na kutojua kukanitia wivu upya. Simu yake ilikuwa palepale mkekani. Nikamrudishia mtoto, nikala maharage.